Mashambani Wales kwa siku mbili tatu: Eryri, Bannau Brycheiniog, pwani ya Pembrokeshire au bonde la Elan?

Kila mwaka ikifika Aprili simu yangu haipumziki. Ndugu na marafiki wa Birmingham, Leicester, Reading na London wamepata likizo, watoto wanafunga shule, na wote wanajua kwamba mimi nakaa Wales, tena shamba, katika mji mdogo wa Llandovery ambao wenyewe wanauita Llanymddyfri. Swali huwa moja: "Dada, tuje wapi?" Na kabla sijajibu, wengi wameshajijibu. Wanataka Yr Wyddfa, ule mlima mrefu wanaouona kwenye picha za watu.

Mimi huwauliza kwanza mambo mawili. Mnakuja na nani? Na jioni mtarudije? Tangu nihamie huku kufanya kazi katika nyumba ya wazee, nimeona safari nyingi za mashambani zikiharibikia hapo hapo. Mvua haina mjadala, utaipata popote uendapo. Lakini mama mwenye magoti mabovu aliyepandishwa ngazi za mawe, au familia iliyokosa basi la mwisho katika kijiji kisicho na teksi hata moja, hao ukiwaalika tena Wales watakuambia wana shughuli.

Basi nawalinganishia sehemu nne ninazozijua kwa miguu yangu. Tatu ni hifadhi za taifa, nami nataja na mwaka kila moja ilipoanzishwa: Eryri upande wa kaskazini (1951), pwani ya Pembrokeshire upande wa magharibi (1952) na Bannau Brycheiniog upande wa kusini (1957). Ya nne ni bonde la Elan, katikati ya nchi, ambalo si hifadhi ya taifa na watu wengi hulipita bila kusimama.

Neno hifadhi lisikuchanganye. Ukisikia hifadhi ya taifa utafikiria Mikumi au Tsavo: geti, kiingilio, askari wa wanyamapori. Huku hakuna geti wala kiingilio. Ndani ya hifadhi wanaishi watu, kuna mashamba ya kondoo, shule, makanisa na maduka, na njia za miguu zinapita katikati ya malisho ya watu kwa haki ya kisheria. Unacholipa ni maegesho ya gari. Unachodaiwa ni adabu: geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi, na mbwa awe kwenye kamba, hasa Machi na Aprili kondoo wanapozaa.

Kuhusu majina, ramani za zamani zinaandika Snowdonia, Snowdon na Brecon Beacons. Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi ya kaskazini iliamua kutumia Eryri na Yr Wyddfa, na Aprili 2023 wenzao wa kusini wakarudi kwenye Bannau Brycheiniog. Waingereza wengi majina haya huwashinda, lakini sisi tuna bahati. Ile "dd" ya Kiwelisi ni "dh" yetu ya dhahabu, "th" ni ya thamani, "ch" ni "kh" ya kheri kama anavyoitamka mtu wa Pwani, na "f" moja husomwa "v". Kwa hiyo Yr Wyddfa ni kama "Ar Widhva". Litamke hivyo kwenye duka la kijijini, uone uso wa muuzaji unavyofunguka.

Bannau Brycheiniog: kwa asiye na gari, na kwa siku moja

Hapa ndipo nyumbani kwangu, upande wa magharibi wa hifadhi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sifa kubwa ya Bannau ni ukaribu. Ukiwa Cardiff, panda basi la TrawsCymru linalopitia Merthyr Tydfil kwenda Brecon, ushuke Storey Arms, na mlima uko mbele yako. Mlima wenyewe ni Pen y Fan, mita 886, mrefu kuliko yote ya kusini mwa Wales. Kutoka maegesho ya Pont ar Daf, hatua chache kutoka kituo cha basi, kupanda na kushuka ni kama saa tatu kwa mtu mzima asiye na haraka. Njia imejengwa kwa mawe, pana, huwezi kuipotea siku ya jua. Kwa kijana mwenye viatu vizuri ni mazoezi ya asubuhi.

Lakini usiudharau. Agosti moja mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga, mwanamke wa miaka sitini na kitu anayelima mpaka leo. Chini palikuwa shwari, watoto wamevua makoti. Tulipofika juu karibu na Bwlch Duwynt, jina lenye maana ya pengo la upepo mweusi, ndipo tulipoelewa kwa nini wazee waliliita hivyo. Upepo ulitoka upande wa pili wa mlima kama mtu aliyekuwa anatusubiri. Mama alikuwa amejitanda khanga juu ya koti. Pembe moja ikamchomoka, ikawa inapigapiga kama tanga la ngalawa, na yeye ameishika kwa mikono miwili huku macho yanamtoka machozi ya baridi.

"Tugeuze, mama?" nikamuuliza.

"Tugeuze, mwanangu. Mlima tutaukuta."

Tukageuza, tukanywa chai ya tangawizi kwenye gari, na siku haikuharibika hata kidogo. Kwa jumla kila ukipanda mita elfu moja joto hushuka kwa nyuzi sita hivi au saba, na hapo hujahesabu upepo. Koti lisilopitisha maji na upepo ni la lazima, hata Julai.

Mwenye wazee au watoto wadogo mimi humpeleka kwenye maporomoko ya maji ya upande wa kusini wa hifadhi. Maarufu ni Sgwd yr Eira, ambapo njia inapita nyuma ya maji yenyewe: unasimama chini ya mwamba, mbele yako pazia jeupe linanguruma, na ukisema neno jirani yako halisikii. Ni raha isiyoelezeka, ila kuyafikia lazima ushuke ngazi kali zenye utelezi, na kila ulichokishuka utakipanda. Kwa mama mkwe tulichagua Sgwd Gwladus. Unaanzia kijiji cha Pontneddfechan, unafuata mto taratibu kwa muda usiofika saa, njia nyingi ni tambarare, na mwisho wake kuna poromoko lenye bwawa chini. Alikaa juu ya jiwe akavua viatu.

Kwangu mimi, kipande kizuri kuliko vyote cha Bannau ni kile ambacho mgeni wa siku moja hakioni: ziwa dogo la Llyn y Fan Fach, juu ya Llanddeusant. Njia ya magari ya kampuni ya maji inakupeleka mpaka ziwani kwa kama saa moja ya kupanda polepole. Wenyeji wanasimulia kwamba mwanamke alitoka katika ziwa hilo akaolewa na kijana mchunga ng'ombe, kwa sharti kwamba akimpiga mara tatu bila sababu ataondoka. Yule bwana hakumpiga kwa hasira, alimgusa tu, lakini mara tatu zikatimia, na mke akarudi majini na ng'ombe wake wote wakimfuata. Wanawe ndio waliokuja kuwa matabibu wa Myddfai, na matabibu wa Myddfai waliishi kweli, kizazi kwa kizazi, na dawa zao za mitishamba zimeandikwa. Mama mkwe alisikiliza kisa hicho bila kushangaa. Alisema kwao kuna mtu wa namna hiyo pia.

Usiku, kama mawingu yameachia, zima taa za gari utoke nje. Bannau imetambuliwa kimataifa kwa giza lake la usiku tangu miaka zaidi ya kumi iliyopita. Wakati wa baridi nimeiona Kilimia hapa kwa uwazi ule ule wa utotoni, kabla umeme haujafika kwetu.

Hay-on-Wye, ukingoni mwa hifadhi, ni mji mdogo wenye maduka mengi ya vitabu vilivyotumika, na tangu 1988 una tamasha kubwa la vitabu kila mwisho wa Mei. Mpenda kusoma atakaa siku nzima. Mwenye watoto watatu atakaa saa moja.

Eryri: nenda, lakini ulale

Sasa mlima wenyewe. Yr Wyddfa ni mita 1,085, mrefu kuliko wote Wales na England. Kwa aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro ni kilima, na hapo ndipo wenzetu wanapokosea. Wanapanda na raba za kuvaa mjini na chupa moja ya maji, ukungu unashuka ghafla, na mtu haoni mguu wake. Ndani ya hifadhi hii kuna sehemu ambazo ni miongoni mwa zinazonyeshewa zaidi nchi nzima. Wanaokuja kukuokoa ni watu wa kujitolea, mafundi na walimu wa vijijini wanaoacha chakula mezani. Namba ni 999, uombe polisi kisha uokozi wa milimani, na hawatozi chochote. Ni haki yao tuwapunguzie safari zisizo za lazima.

Njia ni kadhaa. Ile ya Llanberis ndiyo ndefu na ya taratibu zaidi, kama kilomita 14 na nusu kwenda na kurudi. Itenge siku nzima. Njia za Pyg na Miners zinaanzia Pen y Pass, ambapo tayari uko juu, kwa hiyo unapanda kidogo zaidi ya mita 700. Maegesho ya Pen y Pass msimu wa watu wengi lazima uyalipie kabla kwenye mtandao; ukifika bila hivyo utarudishwa. Bora uache gari chini upande mabasi ya Sherpa'r Wyddfa, yanayozunguka mlima. Ukimsikia mtu anaisifu Crib Goch, ukingo wa mwamba mwembamba kama makali ya kisu, mwache aende mwenyewe. Watu hufa pale.

Asiyeweza kupanda anaweza kupelekwa na treni ya mlimani kutoka Llanberis, inayofanya kazi tangu 1896, yenye gurudumu la meno katikati ya reli. Inachukua kama saa moja kufika juu. Haifanyi kazi majira ya baridi, na upepo ukizidi inaishia njiani, kwa hiyo usimwahidi mzee kilele. Mwahidi safari.

Maoni yangu ya dhati: kama una siku moja tu Eryri, usiende Yr Wyddfa. Nenda Cwm Idwal. Ni bakuli la miamba lenye ziwa ndani yake, njia ya mawe inakupeleka ziwani chini ya nusu saa, na kulizunguka ni kama saa nyingine moja. Charles Darwin alifika hapa mara mbili kusoma miamba, na 1954 pakawa hifadhi ya kwanza ya mazingira ya asili ya ngazi ya taifa Wales. Au panda treni ndogo ya Ffestiniog kutoka Porthmadog kwenda Blaenau Ffestiniog. Ilianza 1836 kubeba mawe ya kuezekea, yale mawe meusi ya bapa yaliyofunika mapaa ya nusu ya dunia. Blaenau yenyewe imezungukwa na vilima vya mabaki ya mawe hayo, na mvua ikinyesha mji mzima unang'aa kama samaki. Mandhari hayo ya machimbo yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021. Mwenye wazee, hii ndiyo Eryri yake.

Shida ya Eryri ni kurudi. Kwa anayetoka Birmingham, Manchester au London ni rahisi: treni inapita Chester mpaka Bangor, halafu basi. Lakini anayetoka Cardiff au kwangu asidanganywe na ramani. Hakuna reli inayounganisha kusini na kaskazini ndani ya Wales. Treni inakupitisha England, kupitia Shrewsbury. Kwa gari kutoka Llandovery ni zaidi ya saa tatu za barabara za kona. Ndiyo maana nasema ulale, angalau siku mbili, ili siku ya mvua isiwe siku yako ya pekee.

Ukipita upande wa kaskazini mashariki kuna mji wa Denbigh. Alizaliwa hapo 1841 yule Henry Morton Stanley aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Sanamu yake ya shaba inanyoosha mkono katikati ya mji. Mwaka 2021 wenyeji walipigia kura kama iondolewe, na waliojitokeza wengi wakataka ibaki. Mimi nilisimama pale nikawakumbuka wapagazi wetu, waliobeba mizigo yake kutoka Bagamoyo na ambao majina yao mengi hayako kwenye sanamu yoyote. Mtoto wangu aliuliza huyu ni nani. Nilimwambia yote.

Pwani ya Pembrokeshire: kwa familia yenye bibi na watoto pamoja

Kama umekulia Tanga, Mombasa, Lamu au Pemba, huku utaelewa mambo ambayo mtalii wa London hayaelewi. La kwanza ni maji kujaa na kupwa. Pembrokeshire maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Tenby, mji wa nyumba za rangirangi juu ya bandari, una kisiwa kidogo cha St Catherine mbele ya ufuko. Asubuhi ni kisiwa. Maji yakipwa unakwenda kwa miguu, mchanga mgumu kama sakafu, watoto wanaokota konokono wa baharini kwenye vidimbwi. Halafu maji yanarudi, na hayarudi kwa kukuonya: yanapita kwanza pembeni kwenye mfereji usiouona, mpaka ugeuke ukute uko upande usiofaa. Angalia ratiba ya maji kabla ya kuangalia chochote kingine. Wazee wetu wasingetoka na mtumbwi bila kujua kama leo ni bamvua au maji mafu, na huku usitandike mkeka bila kujua hilo.

Bahari ni baridi, hata Agosti. Watoto hawajali. Wewe kaa na chupa ya chai.

Tenby ina kituo cha treni, na hilo ndilo linalonifanya niipendekeze kwa mwenye mama au bibi. Mnashuka, mnatembea kidogo, mnafika ufukweni, kuna vyoo, kuna mahali pa kukaa na kula samaki na chipsi, na jioni treni ipo. Aliye na miguu mizuri akapande njia ya pwani: ilifunguliwa 1970, ni kama kilomita 300 kutoka St Dogmaels hadi Amroth, na unaweza kuchukua kipande chochote cha saa mbili ukaridhika.

St Davids, upande wa magharibi kabisa, ni jiji dogo kuliko yote Uingereza, lenye wakazi wasiofika elfu mbili na kanisa kuu lililojengwa bondeni kiasi kwamba unaona mnara wake tu ukiwa barabarani. Hakuna treni. Na hapo ndipo nirudie lile swali la pili, la kurudi.

Mwisho wa Septemba mmoja tulikuwa kwenye kijiji cha pwani huko huko, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mabasi ya pwani ni mazuri sana wakati wa kiangazi, yanasimama popote palipo salama ukimpungia dereva, lakini msimu ukiisha yanapungua. Basi letu la jioni halikuja. Tulisubiri dakika arobaini, jua likazama, simu haina mtandao, mtoto mdogo ameanza kulia njaa. Ikasimama pikapu yenye matope mpaka madirishani, mbwa wa kuchunga kondoo amekaa kiti cha mbele kama abiria. Mzee mkulima akashuka, akamhamishia mbwa nyuma, akatuambia tuingie. Alitupeleka mpaka kituo cha treni cha Haverfordwest, na siyo karibu. Njiani akauliza tunazungumza lugha gani na watoto. Nikamwambia Kiswahili. Akaomba nimfundishe asante. Akaisema mara tatu mpaka ikakaa sawa, na pesa ya mafuta akaikataa kabisa. "Diolch" ndiyo asante yao, nami niliisema kwa moyo wote.

Kwa hiyo huku chukua simu ya teksi ya mji wa karibu kabla hujatoka, iandike kwenye karatasi.

Na kuna Skomer. Ni kisiwa, mashua zinatoka Martin's Haven, na kuanzia Aprili mpaka karibu mwisho wa Julai kinajaa pafini, ndege wadogo weusi na weupe wenye midomo ya rangi ya machungwa, zaidi ya elfu arobaini. Wanatembea njiani mbele ya viatu vyako, mdomoni wamepanga samaki wembamba kama mtu aliyebana sindano kwa meno, wanatumbukia kwenye mashimo yao ardhini kulisha makinda. Watoto wangu, ambao hawanyamazi, walinyamaza. Lazima ununue tiketi mapema, bahari ikichafuka safari inafutwa, na ukishuka kwenye mashua kuna ngazi zaidi ya 80 za kupanda. Agosti wameshaondoka wote. Mtu akikuambia Agosti utaona pafini, hajui.

Bonde la Elan: kwa aliyechoka

Ndugu zangu wa Birmingham, maji mnayopikia chai yanatoka huku. Mabwawa ya bonde la Elan yalijengwa kuanzia 1893 na kufunguliwa 1904, na maji husafiri kilomita 118 mpaka Birmingham kwa mteremko tu. Kuta zake ni za mawe, na baada ya mvua nyingi maji yanafurika juu ya ukuta mzima, meupe, yakishuka kama kitambaa kinachokunjuliwa. Chini ya maji hayo kulikuwa na nyumba, kanisa na shule. Watu wapatao mia moja walihamishwa, na waliofidiwa ni wenye ardhi tu.

Ndiyo sehemu tulivu kuliko zote nne. Njia ya baiskeli inafuata reli ya zamani iliyobeba mawe ya ujenzi, haina milima, kiti cha magurudumu kinapita sehemu kubwa. Karibu na mji wa Rhayader kuna shamba la Gigrin, ambapo mchana hutupwa nyama na mwewe wekundu wanashuka kwa mamia. Miaka mia moja iliyopita walibaki jozi chache tu katika nchi nzima, na zilijificha milima hii hii. Ukisikia mbawa zao zinapita juu ya kichwa utaelewa kwa nini watu walihangaika kuwalinda.

Tatizo ni gari. Bila gari usijaribu na watoto. Rhayader haina treni. Kituo cha karibu ni Llandrindod.

Na kama unahamia kabisa?

Siku hizi swali hili naulizwa zaidi kuliko la likizo, maana wengi wetu wanapata kazi za uuguzi na za kulea wazee. Maisha yanatofautiana kuliko mandhari.

Lugha kwanza. Kwa sensa ya 2021, watu 538,000 hivi, asilimia 17.8 ya nchi, walisema wanajua Kiwelisi. Lakini Gwynedd, iliko sehemu kubwa ya Eryri, ni asilimia 64. Huko dukani, shuleni na kwenye mnada wa kondoo ndiyo lugha ya kwanza, na mtoto wako atasoma kwa Kiwelisi tangu darasa la kwanza. Usiogope. Wangu walikuja na Kiswahili na Kiingereza, la tatu likaingia kama mchezo. Kinachofurahisha ni tofauti za kusini na kaskazini, kama Kimvita na Kiunguja: kwetu kusini bibi ni mamgu, kaskazini ni nain, maziwa kwetu ni llaeth, kwao llefrith, "sasa" kwetu ni nawr, kwao rŵan, ambalo ni lile lile limesomwa kutoka nyuma. Wazee ninaowahudumia usiku, akili ikianza kuchoka, Kiingereza huondoka kwanza. Ukimwambia "nos da, mamgu", yaani usiku mwema, bibi, anatulia. Sijui dawa inayofanya haraka hivyo.

Dawa zenyewe za daktari ni bure Wales nzima tangu 2007, jambo ambalo ndugu wa London hawalipati. Barabara zenye makazi mwendo wa kawaida ni maili 20 kwa saa tangu Septemba 2023, na lami imeandikwa ARAF, yaani polepole. Njia za vijijini zina upana wa gari moja kati ya kuta za miti; mkikutana, aliye karibu na upenyo anarudi nyuma, na aliyepishwa anainua kidole. Usiposhukuru, kijiji kizima kitajua kabla ya Jumapili.

Ukitaka duka la nyama halali na vyakula vya kwetu, pwani ya kusini ni bora: ukiwa Carmarthen au Llandovery unakwenda Swansea, unajaza friza, unarudi. Pembrokeshire ni mbali zaidi, Eryri vile vile. Unga wa sembe mimi huagiza. Lakini jifunze na vya kwao. Cawl ni supu ya kondoo, viazi na liki (mboga ya jamii ya kitunguu), inalala sufuriani na kesho yake ni tamu zaidi, ukiongeza pilipili hakuna atakayekuona. Pice ar y maen ni vikeki bapa vya zabibu kavu vinavyopikwa juu ya chuma cha moto. Mama mkwe alipoona kile chuma alicheka: "Hili si ni kaango la chapati!" Alipika vyote viwili siku hiyo hiyo.

Giza ndilo gumu zaidi. Desemba jua linazama saa kumi jioni. Juni linazama saa tatu na nusu usiku, na watoto wanakataa kulala. Ukitaka kuonja kabla ya kuhamia, njoo Novemba, siyo Julai. Ukiipenda Novemba, utakaa.

Kwa mwaka huu, wa Leicester wanakuja na bibi yao na watoto wanne, nimewaambia Tenby kwa treni. Vijana wawili wa Reading wanakwenda Pen y Fan kwa basi la Cardiff. Mama mkwe anarudi Juni, na safari hii ameshasema anataka wale ndege. Ngazi 80 atazipanda taratibu, tiketi nimeshakata.

Na nyie mnaokuja kwangu kwa reli ya Heart of Wales, kutoka Swansea au Shrewsbury: treni ni chache kwa siku, na Jumapili ni chache zaidi. Vituo vingi vidogo haisimami mpaka iombwe. Ukitaka kushuka mwambie kondakta mapema. Ukitaka kupanda, simama mbele kwenye jukwaa, sehemu yenye mwanga, na uinue mkono mapema, dereva akuone.